Ndege wa Desemba

Shule zikifungwa Desemba, mabasi ya Kanda ya Ziwa hujaa Wasukuma wanaorudi kwao kula sikukuu na wazee. Angani, juu ya barabara hiyohiyo, kuna wageni wengine wanaoelekea upande uleule. Ulaya na kaskazini mwa Asia baridi imeshashika, wadudu wametoweka, na mbayuwayu, korongo weupe, kozi na keremkerem wameshavuka Sahara au bahari wakifuata mvua zetu. Mzungu mwenye nafasi huichukua familia yake akashuka hadi pwani yenye joto kusini mwa bara lake, akapunge hewa kabla ya miezi ya theluji. Ndege wa kwao hawaishii hapo. Wanakuja mpaka ukingo wa kusini wa Ziwa Victoria, kwenye majaruba ya Busega, kwenye mbuga za Bariadi na Itilima, hadi porini Maswa na Meatu. Ndiyo maana likizo ya watoto wangu huwa hapa, na kazi yetu kubwa likizoni ni kutazama ndege.

Kazi hii imezoeleka kuonekana ya watalii: kofia pana, darubini ya bei mbaya, gari la kukodi lenye paa la kufunguka. Mtu mzima akisimama chini ya mgunga nje ya mji wa Bariadi akatazama juu kwa nusu saa, wapita njia humsalimia “Mwangaluka!” kisha humuuliza amepoteza nini. Mimi huwajibu kwa kuwaonyesha ndege mwenyewe, na mara nyingi wao ndio huniambia alikojenga. Ufundi huu haukuja na magari ya watalii. Usukumani ulikuwapo siku zote, na wenye nao walikuwa watoto.

Aliyekulia kwenye mashamba ya mtama, uwele au mpunga anakumbuka kuamia ndege. Mtoto aliamshwa gizani, akafungiwa michembe kwenye kitambaa, akapanda dunguni kabla jua halijatoka. Kwelea hula sana asubuhi na jioni, na anayechelewa hukuta masuke matupu. Silaha zake zilikuwa kombeo, madonge ya udongo, debe la kugonga na koo lake mwenyewe. Kwelea mmoja hamtishi mtu: ni ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, uzito wake gramu 20 hivi, na kwa siku hula kama gramu 10 za punje. Lakini hakuna ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko yeye duniani kote, na kundi la milioni moja linaweza kumaliza tani 10 za nafaka kwa siku. Mtoto wa dunguni alikuwa na kazi ya kweli. Chakula cha nyumba nzima kilitegemea macho yake.

Na macho hayo yalijifunza mengi. Alilitambua kundi la kwelea likiwa bado mbali, kwa jinsi linavyojiviringisha juu ya shamba, wa nyuma wakiwaruka wa mbele ili watue kwenye masuke ambayo hayajaguswa. Alijua kwamba ndege wakinyamaza wote kwa pamoja kuna kozi juu au nyoka chini. Alimjua mla nafaka na mla wadudu kwa kuutazama mdomo: mfupi na mnene ni wa kupasulia punje, mwembamba na mrefu ni wa kudonolea. Alijua kukaa kimya muda mrefu bila kusinzia. Hiyo ni zaidi ya nusu ya elimu yote ya kutazama ndege. Iliyobaki ni kubadili nia, umtazame ndege kwa ajili yake mwenyewe badala ya kumtazama ili umfukuze.

Mjomba wangu wa Dutwa, wilayani Bariadi, alibadili nia bila kufundishwa na mtu. Ameshavuka miaka sabini, hajawahi kumiliki darubini, na ndiye mtazamaji bora ninayemfahamu. Ukitembea naye shambani husimama ghafla, wala hasemi kwa nini. Baada ya muda husema, “Yupo,” akaelekeza kwa kidevu. Hanyooshi kidole, kwa sababu mkono unaoinuka huonekana na ndege kabla wewe hujamwona yeye. Watoto wangu, wanaomwita Babu, sasa nao huelekeza kwa videvu, hata wakiwa mezani.

Yeye huanza na sikio. Asubuhi ya Dutwa ina sauti za njiwa kila upande, na anayetaka kuwatenga kwa macho atachoka, kwani wote wamejificha kwenye majani. Tetere husema maneno yake matatu, akayarudia bila kupumzika, na hata jua la mchana halimnyamazishi. Mdogo wake mwenye kifua cha rangi ya udongo na vidoa vyeusi hucheka polepole, kicheko kinachopanda na kushuka. Kisha kuna njiwa yule mdogo kabisa wa vichakani, mwenye madoa ya kijani yanayong'aa kwenye bawa. Huyu huanza kwa mnung'uniko mmoja, akanyamaza, akatoa wa pili, halafu sauti zinafuatana haraka huku zikishuka, mpaka zinaisha chini kabisa. Mtoto akishazitambua sauti hizo tatu, kichaka kilichokuwa kelele tupu kinakuwa na wakazi wanaojulikana.

Baada ya sikio huja umbo. Mjomba huuliza: mkubwa kuliko tetere au mdogo? Mkia wake mrefu, mfupi, au umegawanyika? Anatembea au anarukaruka? Anatikisa mkia akitua? Rangi huiuliza mwisho, na kwa hili naungana naye kabisa, ingawa vitabu vyenye picha hutushawishi tuanze na rangi. Mwanga wa Simiyu hubadilisha rangi. Saa moja asubuhi kifua cha ndege ni cha dhahabu, saa sita ni cha kijivu, na ukimtazama huku jua liko nyuma yake ni mweusi mtupu. Umbo na mwendo havibadiliki.

Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kama kilomita 70 za lami, na mwisho wa safari ni Ghuba ya Speke. Hapo ndipo napenda kuwafundishia watoto, kwenye nyaya za umeme, kwa sababu mbayuwayu hutua kwa safu bila majani ya kuwaficha. Kwa haraka wote wanafanana: mgongo wa buluu iliyokolea, koo jekundu. Ukiwatulizia darubini unaona kuna wenyeji na kuna wageni. Mbayuwayu wa Ulaya ana mkanda mpana wa rangi nyeusi ya buluu unaokata kifua chote chini ya koo, na tumbo lake ni jeupe au la maziwa. Yule anayeitwa mbayuwayu wa Angola, mkazi wa ukanda huu wa Ziwa, ana mkanda mwembamba, tena umekatika katikati, na tumbo lake ni la kijivu kilichochafuka. Kuna alama nyingine ya Desemba ambayo naipenda zaidi. Mgeni huwa anabadilisha manyoya huku kwetu, kwa hiyo mbawa zake zina mapengo, na zile nyuzi mbili ndefu za mkia ambazo vitabu vyote humchora nazo huwa fupi au hazipo. Mchoro unamwonyesha akiwa kwao, wakati wa kutafuta mchumba. Kwetu tunamwona akiwa safarini, ana gramu 20 hivi na manyoya yaliyochoka, na bado anakamata nzi angani bila kukosa.

Binti yangu huandika daftari. Sheria yake ni kwamba ndege ambaye mtu mmoja tu amemwona, tena mara moja, hupewa alama ya kuuliza mpaka aonekane tena. Kurasa zake zina alama nyingi za kuuliza, na mimi huziheshimu kuliko orodha ndefu isiyo na shaka hata moja. Alikulia Dar es Salaam, mji ambao kunguru wa India, aliyeletwa Afrika Mashariki kupitia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ameutawala, na ndege wengi wadogo amewaharibia mayai na makinda. Bariadi kunguru ni yule wa kwetu mwenye kola na kifua cheupe. Alipomwona mara ya kwanza pale sokoni, aliandika mistari mitano juu yake, na nikafurahi kwamba ndege wa kawaida kabisa amepewa nafasi anayostahili.

Korongo weupe hufika mbugani mvua zikishanyesha, wakati udongo mweusi unanata miguuni na wakulima wako kwenye pamba na mahindi. Hutembea kwa safu mashambani wakiokota panzi na viwavijeshi, na wakulima hupenda kuwaona. Elimu ya Ulaya kuhusu safari za ndege inadaiwa na korongo mmoja wa aina hii. Kwa karne nyingi wasomi wa huko walibishana ndege huenda wapi majira ya baridi, na wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala matopeni chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, korongo mweupe alipigwa risasi, naye akakutwa na mkuki umepenya shingoni, wa urefu unaokaribia sentimita 80, uliotengenezwa Afrika kwa mti wa Afrika. Alikuwa amerudi nao hadi Ulaya, akiwa hai. Mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Namfikiria sana aliyeurusha mkuki ule. Alimtazama korongo huyo, akamvizia, akamkaribia kiasi cha kumfikia kwa mkono wake, na jina lake halikuandikwa popote. Alikuwa na jicho la mjomba wangu.

Kutoandikwa huko kwa jina kunanigusa zaidi nikifika kwa ndege ambao ni wa huku, wasiohama. Mwaka 1887, Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alichapisha maelezo ya ndege kutoka safari ya mwisho ya daktari Gustav Fischer, aliyefika eneo la Ziwa Victoria na kufariki mwaka 1886. Humo kulikuwa na ndege watatu ambao makazi yao ya asili ni nyanda hizi za kaskazini mwa Tanzania na ukingo wake: kasuku mdogo wa kijani aliyepewa jina la Fischer, mnana mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu, na kwale mwenye kifua cha kijivu. Mtu wa London au Chicago hupanda ndege mbili tatu ili awaone viumbe hawa. Sisi tunawaona tukienda kisimani.

Mnana huyo hapendwi na wapiga picha, na nadhani wanamwonea. Ni mkubwa kwa ukoo wake, kahawia, manyoya ya kifuani yamepangika kama magamba, na hutembea chini kwa makundi yenye kelele akipekuapekua majani. Lakini msubiri ageuze kichwa. Jicho lake ni la buluu nyepesi, buluu ambayo hutarajii kuikuta kwenye ndege wa rangi ya vumbi, na akiruka mkia unafunguka na kuonyesha kingo zake za kutu. Kiota chake ni fungu la nyasi lisilo na unadhifu wowote, linaning'inia kwenye matawi ya mgunga. Na viota hivyo vina wapangaji. Mwenyewe akishamaliza kulea, kasuku wadogo huingia humo kulala. Jioni moja tulikaa chini ya mgunga wa namna hiyo tukawaona wakifika wawiliwawili, nyuso za rangi ya chungwa, pete nyeupe kuzunguka jicho, mdomo mwekundu. Kila jozi ilibishana na iliyotangulia, kisha ikajisogeza na kuingia. Mtoto wangu wa mwisho, ambaye kwa kawaida hawezi kukaa kitako dakika moja, hakuinuka mpaka wa mwisho alipoingia.

Kasuku hawa waliwahi kuponzwa na uzuri wao. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa maelfu kwenye mashamba ya kanda hii wakauzwa ng'ambo, na mwaka 1987 hakuna ndege wa porini wa jamii ya kasuku aliyeuzwa kwa wingi kuliko wao katika biashara ya kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara hiyo ilisimamishwa. Kule Ulaya na Marekani mamilioni ya watu wanamjua ndege huyu akiwa ndani ya tundu. Hapa yuko kwenye mbuyu na kwenye mtama, na mkulima hamshukuru, maana anakula punje. Sitaki kumlaumu mkulima. Ndege anayependeza kwenye darubini anaweza kuwa mzigo shambani, na mtazamaji asiyekubali hilo hajawatazama watu wanaoishi na ndege huyo.

Ndiyo maana suala la kwelea linanisumbua. Makundi yanapotishia kumaliza chakula, ndege za kunyunyizia hutumwa zimwage sumu kwenye malalo yao, na najua familia zilizookolewa hivyo. Lakini sumu haichagui. Tai, mwewe, bundi na kongoti wanaokuja kuokota mizoga huondoka nayo tumboni. Mtoto wa dunguni alimfukuza kwelea bila kumuua bundi, na bundi alibaki akila panya wa ghalani. Hakuna anayetaka kumrudisha mtoto dunguni wakati wa masomo. Ila naamini kabisa kwamba pale ambapo mtu mmoja mwenye macho anaweza kuonyesha malalo yako wapi, na ni ndege gani wengine wanalala humo, sumu itamwagwa kwa uangalifu zaidi, au isimwagwe kabisa.

Habari njema iko kwenye ngitili. Usukumani, familia au kijiji hutenga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungia mifugo, ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Miti ilifyekwa sana enzi za kupambana na mbung'o na kupanua pamba, mpaka Shinyanga, ambayo wakati huo ilibeba Bariadi, Maswa na Meatu, ikaanza kusemwa kuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na watu wakahimizwa kurudisha ngitili zao. Hadi 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na miti. Watafiti walipohesabu ndege humo walipata zaidi ya aina 140. Hakuna aliyewaleta kwa lori. Mgunga ulirudi, wadudu wakarudi, na ndege wakafuata. Mjomba ana ngitili yake ndogo nyuma ya boma, na mwezi Desemba, nyasi zikiwa bado fupi, kwale huingia humo na vifaranga.

Kwale huyo ndiye wa tatu katika wale wa 1887. Kooni hana manyoya. Ngozi yake tupu ni ya rangi ya chungwa iliyoiva, na alfajiri hupanda juu ya kichuguu akapiga kelele kali inayokwaruza, kisha anashuka na kutembea zake. Watoto humsikia wakiwa bado kitandani na hutoka mbio. Ukitoka mbio humwoni. Ukitembea taratibu pembeni, bila kumkabili, ukijifanya una shughuli nyingine, atakuruhusu umkaribie hatua ishirini.

Kusini mashariki mwa mkoa wetu wa Simiyu, huko Meatu, nchi inaposhuka kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, na wao wameufikisha ufundi huu mahali ambapo sijui mwingine aliyefika, isipokuwa Wayao wa Msumbiji na jamii chache nyingine. Mhadzabe akitaka asali hupiga mluzi, na mlembe, ndege mdogo wa kijivu na kahawia asiyevutia kwa chochote, huja akipiga kelele, akamtangulia mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mtu hufukiza nyuki na kuchukua asali, ndege hupata nta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa kumfuata mlembe Wahadzabe hupata mizinga kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 560. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha matokeo ya jaribio zuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma kuhusu ndege. Katika vilima vya Kidero walipiga kwa spika mluzi wa Wahadzabe, kisha mwito wa Wayao, ambao ni sauti ya kutetemesha inayofungwa kwa mguno. Walembe wa Kidero waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa kigeni. Niassa, Msumbiji, walembe walifanya kinyume chake: walipendelea mwito wa Wayao. Ndege wa kila mahali wamewasikiliza watu wao, wamejifunza yupi anamaanisha asali, na hukumu yao wanaitoa kwa sikio, sawasawa na mjomba wangu anavyowatenga njiwa zake.

Nilipomsimulia mjomba jaribio hilo hakushangaa. Alisema wachungaji wa zamani walimfahamu ndege huyo na walimwachia sega la kwake kila walipopasua mzinga. Kisha akamgeukia binti yangu na kumweleza kwamba barabara ya Mwanhuzi, ya kwenda Meatu, huharibika mvua kubwa zikianza, kwa hiyo kama anataka kumwandika mlembe kwenye daftari bila alama ya kuuliza, tuondoke Jumatatu alfajiri, na yeye atakuja nasi.